Nyonga iliyoumia inataka mzigo wa kipimo

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa klabu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie nyonga, na nikiwatazama mliokaa mbele yangu naelewa kwa nini. Wengi wenu mna miaka 40 na ushei, wengine mmeshavuka 50, na bado mnakimbia, mnapanda milima, mnacheza mpira. Na wapo walioingia ukumbini leo wakichechemea huku wakijitahidi tusiwaone. Tumewaona.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Mtu wa umri wenu akiniletea nyonga, mara nyingi ameshapita njia moja kati ya mbili. Wa kwanza aliumia, akameza dawa ya maumivu, akafunga kamba za viatu, akaendelea hivyo hivyo mpaka siku aliyoshindwa kuinama avae soksi. Wa pili aliambiwa apumzike, naye akapumzika kwelikweli: miezi ikapita, paja likasinyaa, uzito ukapanda, na sasa ngazi za nyumbani kwake ni mtihani. Wote wawili wanasaidika, lakini yule wa pili ndiye anayenipa kazi kubwa zaidi. Nyonga iliyoumia haitaki kulazimishwa wala haitaki kustaafishwa. Inataka mzigo unaopimwa, unaoongezwa kidogo kidogo, na mwenye nyonga anayejua kwa nini anafanya hivyo. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote yatalizunguka.

Tuanze na mkono. Nikimuuliza mgonjwa panauma wapi, maneno yake nayasikia, ila macho yangu yako kwenye mkono wake. Akijishika ubavuni kwa kiganja kizima, kidole gumba kikienda nyuma na vingine vikielekea kinenani, umbo la herufi C, nafikiria kiungo chenyewe: kichwa cha fupa la paja, kikombe kinachokipokea, na gegedu lililo kati yake, ile tishu laini inayofunika mifupa pale inapokutana. Maumivu ya kiungo chenyewe hupenda kukaa kinenani, na huamka mtu akikaa muda mrefu, akigeuka ghafla au akitoka kwenye gari. Akigonga kwa kidole ule mfupa unaochomoza pembeni, ule unaoulalia ukilala ubavu, nafikiria kano za misuli ya tako. Tatizo hilo huwasumbua zaidi wanawake wa miaka 40 hadi 60. Akipeleka mkono nyuma kabisa, juu ya tako, mara nyingi mgongo wa chini ndio wa kuulizwa.

Halafu wapo wanaoshika goti. Goti hupigwa picha, hupakwa dawa, hufungwa bendeji, kumbe kisa chote kiko juu, kwa sababu baadhi ya mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga hushuka mpaka gotini. Goti likiuma na vipimo vyake vyote viko sawa, mwombeni daktari aikague na nyonga kabla hamjatoka chumbani.

Yapo mambo yasiyosubiri mazoezi yangu wala hotuba hii. Mkimbiaji aliyeongeza umbali kwa pupa, kinena kikaanza kuuma kila akikanyaga, na sasa hawezi kuruka hata mara moja kwa mguu ule, huenda ana ufa kwenye shingo ya fupa la paja. Ufa ukiwa upande wa juu wa shingo hiyo ni wa hatari zaidi, maana kila hatua huuvuta ufunguke, na mfupa ukikatika kabisa damu inayolisha kichwa cha fupa inaweza kukatika nayo. Eksirei ya siku za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa. Isiwatulize. Ombeni MRI, ile picha ya sumaku, na mpaka majibu yatoke tembeeni na magongo. Vilevile mwenye selimundu, aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au mnywaji mkubwa wa pombe, akianza kuumwa kinena asijipe ushauri wa mitandaoni: kichwa cha fupa kinaweza kuwa kinakufa kwa kukosa damu, na kadiri kinavyogunduliwa mapema ndivyo njia za kukiokoa zinavyokuwa nyingi. Nyonga yenye homa, nyonga ya aliyeanguka na sasa haikanyagiki, au maumivu yanayokuja na ganzi sehemu za siri na mkojo usiozuilika, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa naomba tusimame. Kila mtu ashike mgongo wa kiti cha mbele yake kwa kidole kimoja tu, ainue mguu mmoja, atulie. Tuhesabu mpaka 30.

Nawaona wanaoyumba, na nawaona waliopeleka mwili mzima upande mmoja ili wasianguke. Kuna na mama mmoja pale kushoto aliyekunja uso kabla hatujafika 15. Ubavu ukichoma ndani ya sekunde hizo 30, ni dalili nzuri kwamba kano za tako zinalalamika. Kaeni, asanteni.

Mlichofanya sasa hivi ndicho mnachofanya kila hatua mnayotembea: mwili wote juu ya nyonga moja. Uzito unataka kuangukia upande ule mguu ulioinuliwa, na msuli wa pembeni mwa nyonga ndio unaouzuia. Msuli huo unavuta kwa karibu sana na kiungo, kwa hiyo lazima uvute kwa nguvu kubwa, na nguvu yote hiyo inaishia kukikandamiza kiungo. Watafiti wa Berlin wakiongozwa na Georg Bergmann waliweka vipimo ndani ya nyonga bandia na kusoma mzigo moja kwa moja. Kutembea kwa kasi ya kilomita 4 kwa saa kulileta mzigo wa karibu mara 2.4 ya uzito wa mwili. Kupanda na kushuka ngazi, mara 2.5 na kidogo. Kujikwaa, zaidi ya mara 7. Mtu wa kilo 80 anayekwenda msalani usiku anaibebesha nyonga yake karibu kilo 190 kila hatua, na akijikwaa kwenye zulia ndiyo balaa. Kwa hiyo anayesema ameipumzisha nyonga kabisa, hajaipumzisha. Ameacha mazoezi tu. Mzigo uko palepale, ila sasa unabebwa na misuli iliyolegea.

Hapo ndipo napenda kuitetea fimbo. Watu wazima wenye akili zao huniambia, "Fimbo mimi? Bado sijazeeka!" Wanaona heri wachechemee barabarani mpaka mgongo na goti la upande wa pili viharibike. Ukishika fimbo mkono ulio kinyume na nyonga inayouma, unasukuma chini kutoka mbali na kiungo, na kwa sababu ya umbali huo nguvu ndogo ya mkono humpunguzia yule msuli wa pembeni kazi kubwa. Msuli ukivuta kidogo, kiungo kinakandamizwa kidogo. Nyonga ya kulia, fimbo mkono wa kushoto. Fimbo na mguu mbovu vinatua pamoja. Kwenye filamu waigizaji huishika upande ule ule unaouma, na wagonjwa wangu wengi wameiga huko. Urefu wake uishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ukiwa umesimama na viatu. Itumie wiki chache, mpaka kuchechemea kuishe, halafu iache. Kuchechemea kukizoeleka ni kazi ngumu kukuondoa kuliko maumivu yenyewe.

Nije kwenye picha. Ukingo wa lile kombe la nyonga umezungukwa na pete ya gegedu, na kazi yake inafanana na ya mpira wa mfuniko wa jiko la presha: hubana majimaji ya kiungo yasitoroke. Pete hiyo huchanika, na mtu akisoma neno "umechanika" kwenye ripoti ya MRI hutoka hospitali akiwa mgonjwa mara mbili. Mwaka 2012 huko Marekani walichapisha utafiti wa watu 45 wasio na maumivu yoyote ya nyonga, waliopigwa MRI. Asilimia 69 walionekana na mchaniko kwenye pete hiyo. Watu wazima, wanatembea, hawajui wala hawahitaji kujua. Hiyo haina maana kwamba mchaniko wako hauumi. Unaweza kuuma sana. Ina maana kwamba picha peke yake haitoi hukumu. Daktari anayesoma ripoti bila kukulaza kitandani akakunja, akageuza na kupima nguvu ya mguu wako, amefanya nusu ya kazi. Nasema hivi nikijua humu ndani wamo madaktari.

Mwaka 2003 Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walieleza jinsi umbo la mifupa lenyewe linavyoweza kuleta shida: nundu kwenye shingo ya fupa, au ukingo wa kombe uliozidi, vikigongana kila ukikunja nyonga sana. Ukiwa na umbo hilo, kuchuchumaa mpaka chini kabisa huku umebeba vyuma begani si ushujaa. Punguza kina. Nyonga yako haishindani na ya jirani yako wa mazoezi, maana huenda hamkuumbwa sawa.

Sasa nyumbani, ambako nyonga nyingi huharibikia au hupona. Kiti kiwe juu kidogo ya usawa wa magoti. Kwenye gari, kaa kwanza ndipo uingize miguu yote miwili kwa pamoja. Soksi, weka mguu juu ya stuli. Wenye maumivu ya ubavuni waache kukaa wamekunja nne, waache kusimama wakiegemea nyonga moja kama wanasubiri basi, na walale na mto katikati ya magoti. Pia waache lile zoezi la kuvuta mguu kuvuka kifua ili "kunyoosha" pembeni. Hili huwashangaza, kwa sababu wakilifanya hujisikia nafuu ya dakika mbili; lakini linaikandamiza kano ile ile iliyochoka dhidi ya mfupa. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa 2018 uliwagawa wenye shida hii makundi matatu: mafunzo ya namna hii pamoja na mazoezi, sindano moja ya steroidi, na kusubiri. Baada ya wiki 8 waliosema wamepata nafuu ya kueleweka walikuwa asilimia 77 kwenye mazoezi, 58 kwenye sindano, na 29 kwa waliosubiri. Sindano si adui, lakini mazoezi yaliishinda.

Kuna swali watu huniuliza wakiwa wameshika kitasa cha mlango, wakati wa kuondoka, sauti chini. Mambo ya chumbani. Mnacheka, lakini ndilo linalowanyima wengi amani nyumbani. Jibu ni kwamba hakuna sababu ya kuacha. Chagueni mkao ambao magoti ya anayeumwa hayapanuliwi sana wala hayapelekwi kifuani. Kulala ubavu, upande usiouma ukiwa chini, huwafaa wengi. Na mwambie mwenzako panapouma. Ukikaa kimya atadhani umemchoka.

Turudi kwenye mazoezi yenyewe. Maumivu yapewe alama kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, mpaka 3 nakuruhusu. Kipimo kikubwa ni kesho yake asubuhi: ukiamka nyonga iko kama ilivyokuwa jana kabla ya zoezi, mzigo ulikuwa sawa, ukiamka imekaza kuliko jana, punguza, usiache. Ongeza kitu kimoja kwa wakati: ama umbali, ama kasi, ama mlima, visiende pamoja. Dawa ya maumivu isimezwe kabla ya zoezi, kwa sababu inazima kengele unayoihitaji, na zile za kundi la ibuprofeni zikimezwa kwa mazoea huleta mambo mengine tumboni, kwenye figo na kwenye presha.

Nguvu hujengwa pole pole. Lala chali, magoti yamekunjwa, inua makalio, kaa hapo, shuka taratibu. Kaa kitini na uinuke bila mikono. Tembea kiubavu na mpira wa kuvuta juu ya magoti. Panda na kushuka kidaraja kimoja mbele ya kioo, ukitazama kama mfupa wa kiuno unaanguka upande mmoja. Zoezi linalokuruhusu ufanye mara 30 huku unasoma ujumbe kwenye simu halikujengi. Ongeza uzito mpaka mara 8 au 10 zikutoe jasho. Jipe wiki 12. Kabla ya hapo usiniambie mazoezi hayafanyi kazi.

Baiskeli ni rafiki, ukiinua kiti ili goti lisipande sana. Kuogelea kuzuri, ila ule mtindo wa kurusha miguu kama chura unaweza kukiudhi kinena. Na kukimbia? Watu wengi hudhani mbio ndizo zilizowasaga nyonga. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2017 yalikuta kusagika kwa nyonga na magoti kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, 10.2 ya watu wasiokimbia, na 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano makubwa. Kwa hiyo mtu akikwambia acha mbio milele, muulize sababu yake. Ukiweza kutembea kwa kasi nusu saa bila kuchechemea na ule mtihani wa kusimama kwa mguu mmoja umeupita, anza kwa dakika moja ya mbio na mbili za kutembea, siku moja ndiyo, siku moja hapana.

Lipo jambo ambalo halionekani kwenye MRI. Mtu aliyezoea kutoka alfajiri na wenzake, akizuiwa, anapoteza marafiki, usingizi na mahali pa kumalizia hasira zake. Nyumbani anakuwa mkali na hajui kwa nini. Naona klabu nyingi zinamsahau mwanachama aliyeumia. Jina lake linabaki kwenye kundi la simu, yeye hayupo. Viongozi, mpeni saa ya kuhesabu muda, mpeni maji agawe, mwiteni kwenye chai ya baada ya mbio. Nisingesema hivi kama nisingeona tofauti kati ya wanaoitwa na wasioitwa. Wanaoitwa huyafanya mazoezi ya nyumbani.

Na tafadhali msiwapime wenzenu kwa mabingwa. Mcheza tenisi wa Uingereza Andy Murray alipasuliwa Januari 2019, kichwa cha fupa la paja kikafunikwa kwa chuma kama kofia, Oktoba mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa tenisi Antwerp, Ubelgiji. Bo Jackson aliumia nyonga 1991 akicheza futiboli ya Marekani, kichwa cha fupa kikafa, na 1993 akarudi kucheza besiboli akiwa na nyonga bandia. Ni habari za kweli na za kutia moyo. Lakini futiboli Jackson hakuirudia tena, na wote wawili kupona kulikuwa ndiyo kazi yao ya mchana kutwa. Wewe una kazi, watoto, na mzazi wa kumpeleka kliniki.

Upasuaji nitaugusa kidogo, maana kila mtu na wake. Ule wa matundu madogo wa kushona pete na kuchonga nundu unawafaa zaidi wenye gegedu zima. Gegedu likishasagika, kushona pete hakurudishi kilichokwisha, na ukiwa umevuka 40 uliza swali hilo waziwazi kabla ya kusaini fomu. Nyonga bandia ya kisasa ilianza na John Charnley kule Wrightington, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na takwimu zilizochapishwa 2019 zinaonyesha karibu asilimia 58 hudumu miaka 25. Kwa mtu wa miaka 75 hiyo inatosha. Kwa mtu wa 48 kuna uwezekano wa kufanyiwa tena, ndiyo maana tunajaribu mazoezi kwanza, kwa dhati, sio kwa wiki mbili. Lakini kama hulali usiku na mita 200 zinakushinda, kungoja uzeeke kwanza nako si busara.

Nimeletewa kikaratasi kutoka nyuma: je, nikiwekewa nyonga bandia nitakimbia? Kutembea, kupanda milima, baiskeli, kuogelea, tenisi ya wawili wawili, madaktari wengi hawana shida navyo. Mbio, wanatofautiana, wengi hukataza au hushauri uzipunguze sana, kwa hofu ya kuchakaa kwa kiungo. Mwambie anayekupasua, kabla ya siku ya upasuaji, hasa unachotaka kurudi kukifanya na mara ngapi kwa wiki, kwa sababu huenda likabadilisha aina ya kiungo atakachokuwekea. Mwingine mwenye swali?